Moshi Si Nguvu, Jamani

Juzi tena. Tumekaa barazani hapa Malindi na kahawa tungu, kijana akanionesha simu: garimoshi la zamani lapanda mlima, dohani inamwaga moshi mweusi kama tairi linaloungua. "Mzee, cheki nguvu hiyo!" Nikamwambia hayo ni mafuta yanayopotea bure. Akacheka. Malindi reli haikufika, ndiyo maana kila mtu ni mtaalamu wa treni.

Nilikuwa fayamani, yaani mtunza moto wa injini, kwa hiyo nisikizeni. Kosa limeanzia kwenye jina: garimoshi haliendi kwa moshi, laenda kwa mvuke. Zamani tukisema stima twamaanisha mvuke huo. Leo stima ni umeme, na moshi umebaki na sifa isiyo yake. Mvuke wenyewe hata hauonekani. Lile wingu jeupe ni vitone vya maji tayari. Tazama birika likichemka: kati ya mdomo na wingu pana kijinafasi kitupu. Tia kidole hapo, kisha uje tuzungumze.

Garratt za daraja la 59, zile injini kubwa za mvuke, mfano 5918 Mount Gelai iliyohifadhiwa Makumbusho ya Reli Nairobi, zilikuwa 34, kazi ya Beyer, Peacock wa Manchester, tani 252 kila moja. Zilichoma mafuta mazito, si makaa. Koleo hakuna, una vali ya mafuta na vali ya mvuke unaoyapuliza yawe manyunyu. (Naam, wahitaji mvuke ili uwashe moto wa kupata mvuke. Boila ikiwa baridi, ni kuni au kuazima kwa injini nyingine.)

Sasa shikeni hapa. Mvuke uliokwisha kazi kwenye silinda hupigwa juu kupitia dohani, ndiyo ile chufu-chufu, na ukitoka huvuta hewa ipite motoni. Injini ikikazana, moto nao wapata pumzi. Dereva akifunga regyuleta, vali ya kupeleka mvuke kwenye silinda, ghafla na fayamani kasinzia, pumzi imekatika lakini mafuta yanamiminika. Hapo ndipo moshi mweusi. Uzembe mtupu!

Isipokuwa mchanga. Ukiurusha motoni kukwangua masizi ndani ya paipu za boila, dohani hutapika weusi kwa muda. Huo ni halali.

Na dohani safi kabisa pia siiamini: hewa imezidi, inapoza moto. Tulitafuta ukungu mwembamba wa kijivu. Mwembamba kiasi gani? Kusema kweli tulikisia. Usiku ndiyo kabisa, ni kusikiliza moto ukinguruma na kukodolea geji macho.

Siku za safari za matembezi ndizo zilizotuharibu. Treni yasimama, wageni washuka na kamera zao, yarudi nyuma, kisha yapita tena kwa mbwembwe. "Moshi zaidi!" Nami, Mungu anisamehe, mkono ulikuwa ukienda wenyewe kwenye vali ya mafuta.

Kwa hiyo kijana akiniuliza fayamani mzembe kwenye ile video ni nani, nitaagiza kahawa nyingine.