Saksafoni, besi na dramu: nani kasema kuna pengo?

Mpuliza saksafoni wa Dodoma akisema anarekodi jazi na watu wawili tu, wa besi na wa dramu, swali la kwanza huwa: "Na kinanda anapiga nani?" Wapo wanaomhurumia kabisa, wakidhani hela ya kulipa wanamuziki imemwishia.

Kinanda huachwa kwa makusudi. Machi 1957 mpuliza saksafoni Mmarekani, Sonny Rollins, aliingia studio Los Angeles na Ray Brown kwenye besi na Shelly Manne kwenye dramu, saa tisa usiku, kwa kuwa wote walikuwa wamebanwa na kazi nyingine. Novemba mwaka huohuo akarekodi tena bila kinanda, safari hii mbele ya wasikilizaji, kwenye klabu ya Village Vanguard, New York. Kinanda hupiga sauti kadhaa kwa pamoja, zile wanamuziki wanaziita kodi, na kodi humwonyesha mpulizaji njia. Zikiondoka, besi hushika msingi na mpulizaji anaupinda wimbo atakavyo. Ila hana pa kujificha: akipuliza bila wazo, mnasikia wote.

Haya, mara moja moja mpiga piano kweli hutoroka. John Coltrane, naye mpuliza saksafoni, alirekodi nyimbo za watu watatu tu Agosti 1957, na sababu inayosimuliwa ni kwamba mpiga piano hakutokea. Zisikilize uone kama utamkumbuka. Na Dodoma hii, nyumbani kwa Wagogo, tuliomsikia Hukwe Zawose akiimba na ilimba yake, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, tungekuwa wa mwisho kudhani muziki uliojaa lazima uwe na vyombo vingi.

Yapo na mengine ninayoambiwa. "Jazi tunaijua, si Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe?" Hapana. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, zote zilipiga dansi, muziki mtamu wenye asili ya rumba. Jazi ilibaki kwenye jina.

"Jazi ni kupuliza chochote." Wimbo una umbo, mara nyingi baa (mafungu ya mapigo) 12 za muziki wa bluzi (blues) au baa 32, linalozunguka tena na tena. Wote watatu wanalihesabu kichwani, hata mpulizaji anapoonekana kapotea.

"Kila mtu arekodi kivyake, fundi ataunganisha." Kwenye Bongo Fleva biti hutangulia, mwimbaji anafuata, na hakuna ubaya. Watatu wa jazi hupiga pamoja wakitazamana, maana mpiga dramu anaitikia kile saksafoni imesema sasa hivi. Wakiwa chumba kimoja, dramu huingia hadi kwenye maiki ya saksafoni, hivyo huwezi kukata noti moja mbovu ukaweka nzuri. Wanarudia wimbo mzima. Kwa maoni yangu, kabla ya kuuliza bei ya studio, uliza ukubwa wa chumba.

Mwisho, saksafoni ni ya shaba lakini ukoo wake ni wa filimbi na klarineti. Inayotetema ni ulimi wa mwanzi mdomoni. Kiangazi cha Dodoma huukausha haraka. Ulowanishwe kwanza, na wa akiba uwepo, maana ukipinda katikati ya wimbo, wote watatu wanaanza upya.