Je, gari la umeme huhamisha moshi tu?

Kwa miaka mingi watu wamekariri kwamba gari la umeme halipunguzi moshi. Linauhamisha tu kutoka barabarani hadi kwenye mtambo wa makaa ya mawe. Dai hili lina chembe ya ukweli. Kutengeneza betri hula nishati nyingi, hivyo gari hilo hutoka kiwandani likiwa na deni la hewa ya ukaa kubwa kuliko lile la petroli.

Lakini hesabu haiishii hapo. Injini ya petroli hugeuza takribani asilimia 20 hadi 30 tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, na nyingine hupotea kama joto. Gari la umeme hupoteza kidogo sana, tena likifunga breki hurudisha sehemu ya nishati kwenye betri. Kwa hiyo (na hili husahaulika mno) kuachana na mafuta hakudai kiasi kilekile cha nishati kwa njia ya umeme.

Penye umeme wa makaa ya mawe pekee, nafuu ni ndogo kweli. Ila mtambo huo ukizimwa, upepo na jua vikashika nafasi yake, hata gari la umeme lililonunuliwa zamani huwa safi zaidi. La petroli litaendelea kuchoma petroli.