Knute Rockne na pasi ambayo hakuivumbua

Ukitaja futiboli ya Kimarekani ya zamani, ile ya mpira wenye ncha mbili, jina la Knute Rockne, mchezaji kisha kocha wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, halikosi kutajwa. Hadithi zake nazo zimetiwa chumvi nyingi, nyingine aliitia mwenyewe.

Eti ndiye aliyevumbua pasi ya mbele. Hapana. Kurusha mpira mbele kuliruhusiwa mwaka 1906, baada ya msimu wa 1905 ambao vijana waliumia na wengine kufa, hadi Rais wa Marekani Theodore Roosevelt akawaita wakubwa wa mchezo Ikulu. Septemba 1906 Bradbury Robinson wa Chuo Kikuu cha Saint Louis alishamrushia Jack Schneider, kocha wao akiwa Eddie Cochems. Rockne wakati huo alikuwa kijana wa miaka 18 kule Chicago, chuo hajakanyaga.

Lakini pasi ya siku zile ilikuwa kamari. Ukirusha mpira ukaanguka bila kuguswa na mtu, umewapa wapinzani. Na kuuvusha zaidi ya yadi 20 ilikuwa marufuku. Mwaka 1912 kikomo hicho kiliondolewa na mpira wenyewe ukafanywa mwembamba, ukashikika vizuri kiganjani. Hapo ndipo Rockne anapoingia. Kiangazi cha 1913 yeye na mrushaji wao, Gus Dorais, walipata kibarua Cedar Point, ufukweni mwa Ziwa Erie, na muda wao wa mapumziko ukaishia kurushiana mpira mchangani. Rockne alijizoeza kuudaka kwa viganja huku miguu ikiendelea kukimbia, wakati wengi walizoea kuupokea kwa kuukumbatia kifuani.

Novemba 1 Notre Dame wakaifuata timu ya Jeshi, ya chuo cha kijeshi cha West Point, na kuichapa 35–13. Dorais alifikisha pasi 14 kati ya 17. Wanaosimulia kana kwamba Jeshi lilizidiwa tangu kipenga cha kwanza wasahau hilo nalo: hadi mapumziko ilikuwa 14–13. Kwangu mimi, kuichukua silaha iliyokuwepo miaka saba na kuwaonyesha wakubwa wa mashariki mwa Marekani inavyotumika si sifa ndogo, haihitaji kuongezewa uvumbuzi.

Eti alikuwa Mmarekani wa kuzaliwa na Mkatoliki tangu utotoni. Alizaliwa Voss, Norway, mwaka 1888, katika familia ya Kilutheri, akahamia Chicago akiwa na miaka mitano. Alifanya kazi posta kwanza, chuo akakiingia na miaka 22. Ukatoliki aliupokea 1925, tayari kocha maarufu.

Eti alivua jezi leo, kesho akawa kocha mkuu. Alihitimu 1914 akiwa amesomea famasia, akabaki chuoni kama msaidizi wa maabara ya kemia huku akimsaidia kocha Jesse Harper, na pembeni akicheza kwa malipo katika timu ya Massillon, Ohio. Timu alikabidhiwa 1918. Kwa misimu 13 alishinda mechi 105, akafungwa 12, sare 5. Mwaka 1929 uwanja ulikuwa ukijengwa, hawakucheza nyumbani hata mara moja, naye mguu ukimsumbua kiasi cha kufundisha kwenye kiti cha magurudumu. Hawakufungwa.

Eti maneno ya mwisho ya George Gipp, nyota wa timu yake, hayana shaka. Gipp alifariki Desemba 1920. Wosia wake wa kuwataka vijana washinde kwa ajili yake Rockne aliutoa 1928, miaka minane baadaye, kabla ya kulifunga Jeshi 12–6. Wengi wanaoichunguza habari hiyo wanaitilia shaka. Ronald Reagan alimwigiza Gipp kwenye sinema mwaka 1940, na jina hilo la Gipp likamfuata hadi kwenye siasa.

Eti barafu ndiyo iliyoangusha ndege aliyofia Rockne. Hiyo ilikuwa dhana ya mwanzo. Machi 31, 1931, ndege hiyo, aina ya Fokker F-10, ilianguka karibu na Bazaar, Kansas, ikaua watu wote 8. Bawa lake la mbao lilikuwa limekatika angani, gundi ikiwa imedhoofishwa na unyevu. Kelele zilizofuata zilizisukuma kampuni za ndege kuachana na mbao na kuagiza ndege za chuma kitupu.