Orodha za Kieyak zilizoandikwa kwa mkono: maana yake na namna ya kuzisoma

Orodha ya maneno, kama wanaisimu wanavyoielewa, ni karatasi yenye safu mbili au zaidi. Safu moja ina maneno ya lugha ya mwulizaji: maji, moto, mkono, moja, mbili. Nyingine ina majibu ya msemaji, kwa kadiri sikio la mwulizaji lilivyoyanasa. Hiyo si kamusi. Mara nyingi haina sentensi wala maelezo ya sarufi, na haisemi neno lilitumika vipi.

Kieyak kilisemwa kusini mwa Alaska, kwenye delta ya mto Copper ulipo mji wa Cordova, na zamani kilienea pwani kuelekea Yakutat. Marie Smith Jones, mtu wa mwisho aliyekipata tangu utotoni, alifariki Januari 2008. Tangu hapo neno lenye utata kwenye karatasi ya kale halina tena mzee wa kulithibitisha.

Orodha za mwanzo ni za Warusi. Nikolai Rezanov, wa kampuni ya Kirusi iliyotawala biashara ya ngozi huko, alifika Alaska mwaka 1805, akaacha hati inayopanga lugha kadhaa za pwani ile bega kwa bega. Orodha fupi ya Ferdinand von Wrangell, aliyewahi kuwa gavana wa Kirusi huko, ilichapishwa mwaka 1839. Mwishoni mwa miaka ya 1850 Leopold Radloff, akiwa Saint Petersburg, alizikusanya data hizo na kuzichapisha kwa Kijerumani. Humo hutaona jina Eyak: Warusi waliandika Ugalakhmut au Ugalents, kwa hiyo anayepekua nyaraka za wakati huo kwa jina la leo hutoka mikono mitupu. Jina la Ugalakhmut liliponza wengi. Alaska ilipouzwa kwa Marekani mwaka 1867, wasomi wa Kimarekani wakawa wanawahesabu Waeyak kama tawi la Waeskimo au la Watlingit, majirani zao wa pwani, hadi mwanaanthropolojia Frederica de Laguna alipowakuta Cordova mwaka 1930 na kurudi mwaka 1933 pamoja na mwenzake Kaj Birket-Smith. Ushahidi kwamba hii ni lugha ya peke yake ulikuwa umechapwa zamani. Waliopaswa kuusoma hawakuusoma.

Ugumu mkubwa uko kwenye sauti. Chukua neno la “moja”, ambalo katika tahajia ya Michael Krauss, mwanaisimu aliyetunga kamusi ya Kieyak, ni łinhG. Herufi ya kwanza ni l inayotamkwa kwa upepo wa pembeni mwa ulimi bila mtetemo wa koo. Inafuata irabu ya puani na pumzi, kisha konsonanti inayofungwa nyuma kabisa, kwenye kimio. Alfabeti ya Kirusi haina herufi ya hata moja kati ya hizo. Mwandishi angeweza kuweka л, au хл, au тл, na mwishoni к, г au х, na yote yakawa ni kusikia kwa uaminifu. Zaidi ya hapo, Kieyak hutofautisha t ya kawaida, t yenye pumzi na t inayoachiwa kwa mlipuko huku koo limefungwa. Kwa kalamu ya Mrusi zinaweza kuishia kuwa т au д tu. Msomaji wa hati za Kiswahili cha herufi za Kiarabu anaujua ugonjwa huu, pale ba moja inaposimama kwa b, p na mb. Tofauti ni kwamba mtunzi wa utenzi alijua alichokusudia, na msomaji wake pia. Mrusi hakujua kwamba kuna kitu kimempita.

Kisha kuna umbo. Majina ya viungo vya mwili na ya jamaa (kama mama au kaka) hayasimami peke yake katika Kieyak, lazima yawe ya mtu. Ukiuliza “mkono” unaweza kujibiwa “mkono wangu”, na kiambishi si- kikaandikwa kana kwamba ni sehemu ya neno. Kwenye vitenzi ni vibaya zaidi: ukiuliza “kula”, jibu laweza kuwa “anakula” au “nimekila”.

Kazi ya kusoma huanza kwa kunakili herufi kwa herufi, pamoja na mikwaruzo na vilivyofutwa, bila kusahihisha chochote. Tahajia ya kisasa iwe na safu yake, wala isifute ya zamani. Baada ya hapo chagua maneno ambayo kamusi ya Krauss inayathibitisha (hesabu, wanyama, viungo), ujenge jedwali la mazoea ya kila mwandishi peke yake: huyu anapoandika х, Kieyak kina sauti zipi? Jedwali la Rezanov usilitumie kwa Wrangell. Maneno yasiyojulikana yaguswe mwisho.

Makosa ya mkono yana tabia zake. Katika mwandiko wa Kirusi wa kuunganisha, т ya vijiti vitatu hufanana na ш, na и, п na н huchanganyika. Aliyenakili bila kujua lugha huchagua moja, kisha mchapaji huigeuza kuwa herufi za Kijerumani, х ikawa ch. Ndiyo maana hati ya awali, hata ikiwa chafu, ina uzito kuliko chapa safi. Wakati mwingine safu nzima huteleza mstari mmoja. Utaligundua pale penye “tatu” ukikuta “nne”. Na neno lililofanana na Kitlingit huenda limekopwa, au msemaji alikuwa wa lugha mbili.

Madaftari ya baadaye, ya John P. Harrington mwaka 1940 na Fang-Kuei Li mwaka 1952, yaliandikwa na masikio yaliyofundishwa, na hufaa kama daraja kati ya Warusi na Krauss, aliyefanya kazi na wazee wachache waliobaki katika miaka ya 1960. Lakini neno lililokwisha sahaulika kabla ya hapo huenda limebaki kwa Warusi tu. Hilo liachwe kwa herufi zake za Kirusi, liwekewe alama ya shaka, na lisiingizwe kwenye masomo ya wanaojifunza Kieyak leo mpaka lipatiwe ndugu katika lugha za Kiathabaska, jamaa wa karibu wa Kieyak, au katika orodha nyingine.