Kabla ya kulipia tangazo, nionyeshe inboksi yako

Mwaka jana nilishinda nusu siku kwenye karakana moja ya samani pale Keko, Dar es Salaam, nimekalia rundo la mbao za mkongo, napekua simu isiyo yangu. Ilikuwa ya fundi wa vitanda na makabati, mzee wa miaka hamsini na kitu, aliyenipigia akilalamika kwamba mtandao haulipi. Alikuwa amelipia tangazo la Instagram siku kumi mfululizo. Laiki zilijaa, watu wakaandika "hongera fundi", na kitanda hakikutoka hata kimoja.

Nikamwomba simu kabla sijagusa tangazo lenyewe. Kwenye WhatsApp palikuwa na meseji 37 ambazo hazijafunguliwa, nyingine zina wiki nzima. "Hiki cha 5 kwa 6 bei gani?" "Mpo wapi?" "Mnatuma Dodoma?" Kuna aliyeandika "Bei?" asubuhi, akarudia mchana, jioni akaweka alama ya kuuliza peke yake, kisha kimya. Nikamuuliza, "Fundi, hawa mbona hukuwajibu?" Akaniangalia, akaenda kuwasha mashine ya randa. Ukiisikia kelele ile huhitaji maelezo zaidi. Simu inalia mfukoni, mwenyewe hana habari. Akija kuzima mashine saa kumi na moja jioni, vidole vimejaa vumbi la mbao na skrini inakataa kumtambua.

Kazi yangu ni masoko ya mtandaoni kwa biashara ndogo, na kila wiki kuna anayeniuliza aanze kujifunza wapi: TikTok, matangazo ya kulipia, au ile kozi ya laki mbili aliyoiona jana usiku. Jibu langu huwa linawakera. Anza kujifunza kujibu. Tangazo, hata likiwa zuri namna gani, linaleta swali tu mlangoni. Hela inapatikana au inapotea kwenye dakika chache baada ya swali hilo, na hapo ndipo wengi wetu tunavuja.

Tuanze na ugonjwa wetu mkubwa: "Bei njoo inboksi." Nimeshausikia utetezi wake wote. Wengine wanasema washindani wataiona bei. Mwenzako wa duka la jirani anaijua bei yako tangu zamani, alishamtuma kijana aje aulize kama mteja. Wengine wanasema mteja akija inboksi unapata nafasi ya kumshawishi. Labda, kama upo hapo kumshawishi. Fundi wangu aliwaita watu wote wale wamfuate chumbani, halafu akafunga mlango kwa ndani. Mimi nashauri bei iandikwe. Kama inategemea vipimo, andika inapoanzia: "5 kwa 6 kuanzia laki saba." Wasio na uwezo huo watapita bila kukupotezea muda, na atakayeandika meseji ameshakubaliana na bei nusu ya safari.

Lingine ni namna ya kujibu. Nilikuta meseji moja aliyowahi kuijibu. Mteja kauliza bei ya kitanda, naye, saa tano baadaye, kaandika: "700." Basi. Hakuna salamu, hakuna mbao gani, hakuna lini. Yeye aliona amejibu. Mteja hakurudi.

Tulikaa tukaandika jibu jipya pamoja. Lilitoka hivi:

"Habari, karibu sana. Kitanda hicho cha 5 kwa 6 ni mninga mtupu, laki saba pamoja na vanishi. Tunakikabidhi ndani ya siku 10 tangu ulipe kianzio. Karakana ipo Keko, ramani hii hapa. Unakaa upande gani, nikuambie gharama ya kirikuu ya kukuletea?"

Angalia linavyomalizika. Linamalizika kwa swali jepesi ambalo mtu anaweza kulijibu akiwa kwenye daladala kwa neno moja: "Kimara." Akishasema Kimara, mazungumzo yamehama kutoka kwenye bei kwenda kwenye namna kitanda kitakavyofika kwake. Meseji inayoishia na "karibu sana" inamwachia mteja kazi ya kufikiria aseme nini, na mara nyingi hasemi kitu.

Jibu hilo hatulichapi upya kila siku. WhatsApp Business, ile programu ya bure iliyotoka mwaka 2018, ina majibu ya haraka: unaliandika jibu mara moja, unalipa jina fupi, kisha ukiandika alama ya mkwaju na jina hilo, mfano /kitanda, linajitokeza lote. Ina lebo za rangi za kuwagawa wateja. Sisi tuliweka tatu tu, "ameuliza", "kianzio" na "amekabidhiwa". Ina katalogi ya kuweka picha na bei. Na ina ujumbe wa kujituma wenyewe muda ambao haupo. Wengi huandika humo "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu hivi karibuni", maneno ambayo hayamwambii mtu chochote. Tuliandika ukweli: "Sasa hivi tupo kwenye mashine. Tunajibu saa 7 mchana na saa 11 jioni." Watu wanamvumilia fundi aliye kazini. Wanachoshindwa kuvumilia ni kutojua.

Tulipomaliza hayo tatizo la randa lilikuwa palepale, kwa hiyo tukalitatua nje ya karakana. Namba moja ya WhatsApp inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne. Fundi ana binti aliyemaliza kidato cha nne, yupo nyumbani Mbagala. Akaunganishiwa namba ya baba yake kwenye simu yake, akapewa orodha ya bei na ruhusa ya kupunguza hadi kiwango fulani bila kuuliza. Hilo la punguzo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kama kila "mwisho bei gani?" lazima isubiri baba azime mashine, tumerudi tulikotoka.

Kuna mambo mawili ya WhatsApp ambayo wafanyabiashara huyajua wakiwa wamechelewa. Ukituma tangazo kwa orodha ya watu wengi kwa mpigo, kila orodha inabeba hadi watu 256, na linamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Stetasi nayo, kwa mpangilio wa kawaida, inaonwa na mtu ambaye wewe una namba yake na yeye ana yako. Kwa hiyo mteja anapokuja kuchukua mzigo, msimamie hapohapo aihifadhi: "Nihifadhi kama Fundi Vitanda Keko." Biashara nyingi ninazozijua zinauza zaidi kwa wateja hao wa stetasi kuliko kwa maelfu ya wafuasi wa Instagram. Na usinunue zile orodha za namba za watu zinazouzwa mitaani. Zaidi ya kuwa kero, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Picha sitazisemea sana. Futa kioo cha kamera kwa shati, piga asubuhi au jioni, toa ndoo na malapa nyuma ya bidhaa. Ila kuna tabia moja lazima niigombe: kupakua picha ya sofa ya Uturuki na kuandika "tunatengeneza". Mteja atakudai sofa ile ile, na miguu ile ile ya dhahabu, na utamwambia nini? Video iliyofanya vizuri kuliko zote za fundi wangu haina hata muziki. Ni mkono wake unapitisha msasa kwenye ubavu wa kitanda, vumbi linadondoka, mishipa ya mninga inaanza kuonekana. Sekunde 18. Watu waliuliza kitanda kile kwa sababu waliona kinazaliwa, na waliona mkono wa mtu aliyepo. Kwa nchi ambayo kila mtu ana ndugu aliyewahi kutapeliwa mtandaoni, hiyo ni dhamana. Tukaongeza nyingine: kianzio kinalipwa kwa Lipa Namba ya biashara, kwa hiyo mteja anaona jina la karakana kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri. Na karakana tuliisajili kwenye ramani ya Google, bure, ili anayeogopa aweze kufika na kumkuta mtu kashika randa.

Sasa tangazo la kulipia.

Nitaanza na aibu yangu. Miaka yangu ya mwanzo nilimchomea mama mmoja muoka keki wa Tabata 150,000. Nilibonyeza kile kitufe cha kukuza posti, nikachagua lengo la watu watembelee ukurasa, eneo nikaweka Tanzania nzima kwa sababu niliona wengi ni wazuri kuliko wachache. Keki ya harusi ikapendwa na watu wa Bukoba, Mtwara na Kigoma. Keki ya ghorofa tatu haipandi basi. Yule mama hakunigombeza, alisema tu, "Mwanangu, hawa watu nitawalishaje?"

Kosa langu lilikuwa la uelewa. Mtambo wa matangazo wa Meta, wenye Facebook na Instagram, unakutafutia watu wenye tabia ya kufanya kile ulichokiomba. Kuna watu ambao kazi yao ni kubonyeza moyo na kuendelea kushuka. Ukiomba laiki, utaletewa hao. Ukichagua lengo la meseji, utatafutiwa wenye mazoea ya kuandikia biashara. Ni watu tofauti kabisa, na mtambo unawajua. Tangazo la fundi lilikuwa na lengo la kutembelea ukurasa, wakatembelea, wakaondoka. Lile la keki hivyohivyo.

Kitu kingine: nafasi ya tangazo hupatikana kwa mnada, na mwenye hela nyingi hashindi kila mara. Mtambo unapima kiasi unachotoa, uwezekano wa mtu huyu kufanya ulichoomba, na ubora wa tangazo lenyewe machoni pa watu. Tangazo ambalo watu wanalificha linakugharimu zaidi kumfikia kila mmoja. Halafu kuna kipindi mtambo unajifunza nani wa kumwonyesha. Meta wenyewe husema unahitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki ili utulie. Mwenye bajeti ya 10,000 kwa siku hafiki huko kirahisi, na ndiyo maana namkataza kugawa hela hiyo kwenye matangazo matano au kubadilisha picha kila asubuhi. Tangazo moja, siku saba, mikono mifukoni. Eneo la tangazo jipya la fundi tulilichora kwenye ramani, mduara wa Dar na kingo zake, pale kirikuu inapofika.

Na daftari. Daftari la kawaida la shule, mistari mitano: tarehe, jina, katoka wapi, ametaka nini, amelipa au la. Binti anauliza kila anayeandika, "Umetuona wapi?" Wiki ya kwanza ya tangazo jipya ilisomeka hivi: 70,000 zimetoka, watu 28 wameandika, saba wametoa vipimo vya chumba, wawili wamelipa kianzio. Maana yake kila kitanda kilichouzwa kimebeba 35,000 ya tangazo. Kwenye kitanda, baada ya mbao, vanishi na posho ya vijana, fundi bado alibaki na faida ya kumtosha. Angekuwa anauza stuli zenye faida ya elfu ishirini, tangazo lile lile, na majibu yale yale mazuri, lingekuwa linamfilisi polepole huku laiki zikipanda. Mtu ambaye hajui faida ya kitu kimoja anachouza hawezi kujua kama tangazo ni ghali au rahisi. Hakuna kozi itakayomwambia.

Kozi, kwa kuwa mtauliza: Meta wana Blueprint, Google wana masomo yao, yote yana sehemu za bure, na yanatosha kabisa kwa miezi yako ya mwanzo. Hiyo laki mbili iweke kwenye tangazo la majaribio na daftari la shule.

Mwezi wa pili tangu tuanze tangazo hilo, simu yangu iliita saa mbili usiku.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mwanangu, hebu zima hilo tangazo."

Nikadhani limeharibika. Kumbe alikuwa na oda za vitanda sita, vijana wawili, na mninga uliobaki hautoshi hata vinne. Akiendelea kupokea kianzio, hizo siku 10 alizoziandika kwenye jibu zitakuwa mwezi, na watu wataanza kuandika mengine kwenye komenti. Nililizima usiku uleule. Kwenye ule ujumbe wa kujituma wenyewe binti akaongeza mstari: "Oda mpya tunapokea kuanzia tarehe 15." Hiyo tarehe 15 ilipofika, daftari lilikuwa na majina manne yaliyokuwa yanaisubiri, na tangazo lilikuwa bado limezimwa.