Skani ya mifupa iliyotoka safi haijakosea

“Dokta, skani haikuona kitu. Tumpeleke kwingine?” Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno. Anayeuliza huwa ameshika bahasha mbili: ya eksirei, iliyojaa madoa meupe, na ya skani ya mifupa kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, safi kabisa. Kwake hesabu haikubali. Madoa yapo, skani iko kimya, basi ama mashine ni mbovu ama tunawaficha. Naandika sasa ili nikiulizwa tena nitume linki, nami nikanywe chai.

Tabu yote inatokana na imani kwamba skani ya mifupa inatafuta kansa. Haitafuti. Inaonyesha mafundi wa mfupa wapo kazini wapi, wala haisemi wanajenga nini. Tekneti-99m, dawa yenye mionzi, iliyofungwa kwenye MDP, kemikali inayovutwa na mfupa, inaingia mshipani, unakunywa maji, unakojoa, unasubiri saa 2 hadi 4, unalala chini ya kamera ya gama, inayopiga picha ya mionzi hiyo. Dawa hukusanyika pale seli zinapojenga mfupa kwa kasi. Ndiyo maana goti la mzee aliyelima Kongwa maisha yake yote linawaka, ubavu uliovunjika unawaka, na faibrasi displasia, hitilafu ya ukuaji wa mfupa ambayo si kansa, inaweza kuwaka kuliko vyote. (Na jamani, mionzi ya dawa hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Mkisharudi Dodoma kesho yake, acheni kumtengea mzee kikombe kwa kuogopa mionzi.)

Sasa hayo madoa. Mtu ameanguka na bodaboda, kapigwa eksirei ya nyonga, mfupa haujavunjika, ila kuna vidoa vyeupe vya mviringo kila upande. Ripoti inaandikwa “saratani iliyosambaa”, na kabla wiki haijaisha ukoo mzima umeshaanza kuchangishana. Kumbe ni osteopoikilosisi, hali ya kurithi ya vidoa vya mfupa ambayo si kansa. Daktari Stieda aliieleza mwaka 1905, Albers-Schönberg akafuata mwaka 1915, na kasoro ya jeni LEMD3 inayoisababisha ilijulikana mwaka 2004. Hukadiriwa kuwa ni mtu 1 kati ya 50,000. Wengi hawaumwi chochote. Vidoa hukaa kwenye ncha za mifupa mirefu, nyonga, viganja na nyayo, kulia kama kushoto. Mbavu, fuvu na uti wa mgongo huguswa kwa nadra, wakati saratani ya tezi dume au ya matiti huko ndiko hupenda kwenda.

Kila kidoa ni mfupa mgumu uliokwisha komaa. Hakuna ujenzi wa maana unaoendelea pale, kwa hiyo dawa haina cha kufuata. Ule ukimya unaowaudhi ndio jibu mliloendea Dar.

Hapa vitabu huandika “skani huwa ya kawaida” kisha vinafungua sura nyingine. Mimi siwezi kupita haraka hivyo. Wapo wenye osteopoikilosisi ambao vidoa vyao huwaka kidogo, hasa vijana. Na kinyume chake, saratani iliyofika mfupani, ikatibiwa ikatulia, inaweza kubaki nyeupe kwenye eksirei na kuwa kimya kwenye skani. Mayeloma, saratani ya uboho, nayo mara nyingi haiwaki, ingawa hiyo hutoboa mfupa badala ya kuufanya mweupe. Kwa hiyo skani safi peke yake haimtoi mtu hatiani wala haimtii. Naisoma eksirei ikiwa kando yake, kila mara. Tena mzee mwenye vidoa vya kurithi anaweza kupata saratani ya tezi dume kama mzee mwingine yeyote. Huyo PSA yake, kipimo cha damu cha tezi dume, ikipanda, skani nampeleka bila kubishana, na macho yangu yanakwenda kwenye mbavu na uti wa mgongo.

Kisha kuna suala letu sisi wa huku kati, ambalo vitabu vya Ulaya havina haraka nalo: floraidi. Visima kadhaa vya Singida vina floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Aliyeyanywa maji hayo tangu utoto huonekana kwa meno ya kahawia, na akiyanywa miaka mingi mifupa nayo hunenepa na kuwa myeupe. Skani yake yaweza kuwaka mwili mzima, figo zikafifia pichani. Saratani ya tezi dume iliyotapakaa hufanya vilevile! Hapo kamera ya gama hainisaidii sana, na nakiri kwamba ripoti ya skani ikinijia bila eksirei nakuwa nabahatisha. Nataka kuona kigasha: utando kati ya mifupa yake miwili ukiwa umeota mfupa, nawaza maji ya kisima kwanza. PSA bado naipima.

La mwisho, na ni la bei ndogo. Osteopoikilosisi hurithiwa, kila mtoto wa mwenye nayo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata. Kabla hamjamkatia mzee tiketi ya treni ya SGR, kama vidoa vimekaa panapostahili na hana dalili nyingine, nileteeni mmoja wa watoto wake wakubwa nimpige eksirei ya kiganja. Kikionyesha vidoa vilevile, safari ya Dar mara nyingi haina haja. Kisipoonyesha, hatujathibitisha lolote, mleteni na mdogo wake.