Kabla ya Kununua Kihisi, Andika Hitilafu Unazoziogopa

Nikiitwa kushauri kuhusu mtambo unaoharibika mara kwa mara, aghalabu nakuta orodha ya vihisi, yaani vifaa vya kupima hali ya mtambo, imeshaandaliwa. Naiweka kando. Ninachotaka kwanza ni orodha ya hitilafu zinazoogopwa, na mbele ya kila moja iandikwe kazi ambayo fundi ataifanya akijua kuwa ndiyo iliyotokea. Hitilafu mbili zinazotibiwa kwa kazi ileile, tuseme kubadilisha mota nzima, hazina haja ya kutenganishwa, na fedha ya kuzitenganisha imepotea bure. Thamani ya kihisi iko kwenye uamuzi kinaoubadilisha.

Chukua pampu ya sentrifyugo, ile inayorusha maji kwa mapanga yanayozunguka, inayozungushwa na mota ya umeme kwa kasi isiyobadilika, ikisukuma maji kwenye bomba lenye vali mwishoni. Tunaogopa mambo matatu: mapanga ya pampu kulika, bomba kuvuja kabla ya vali, na vali kuziba. Wengi hukimbilia kipima mtiririko mwishoni mwa bomba. Lakini hitilafu zote tatu hupunguza maji yanayofika pale! Kipimo hicho kitakuambia kuna tatizo, basi. Kipima presha kilichowekwa kati ya pampu na vali kinajua zaidi: vali ikiziba presha hupanda, ilhali mapanga yakilika au bomba likivuja hushuka. Zimebaki mbili zinazofanana. Sasa pima mkondo wa umeme wa mota. Bomba likivuja, maji mengi zaidi hupita kwenye pampu, na kwa kawaida pampu ya aina hii hula umeme zaidi kadiri mtiririko unavyoongezeka, hivyo mkondo hupanda. Mapanga yakilika, mzigo wa mota hupungua na mkondo hushuka.

Presha na mkondo vimemaliza kazi bila kipima mtiririko. Kuna na faida ya usimikaji: kipima mkondo hubana waya kwa nje, wakati vipima mtiririko vingi hudai bomba likatwe na mtambo usimame. Gharama hiyo, pamoja na nyaya na uhakiki wa vipimo kila baada ya muda, haimo kwenye bei ya kifaa, na mara nyingi huizidi.

Ongeza hitilafu ya nne, kichujio cha upande wa kufyonza kuziba. Presha inashuka, mkondo unashuka, sawasawa na mapanga yaliyolika. Je, tulipie kihisi cha tatu? Hapa nasema ndiyo, kipima presha upande wa kufyonza, kwa sababu kusafisha kichujio na kufungua pampu ni kazi mbili zilizo mbali sana kwa muda na gharama.

Haya yote yanachukulia mtambo umetulia. Mtambo wenye kidhibiti huleta jambo jingine, nalo hunishughulisha kuliko yote. Kidhibiti kikilinda kimo cha maji kwenye tangi, na tangi likaanza kuvuja, kitafungua vali ya kuingiza maji zaidi na kimo kitabaki palepale. Anayetazama kimo ataona salama tupu. Dalili imehamia kwenye amri ambayo kidhibiti kinaipa vali, na amri hiyo tayari imo ndani ya kompyuta. Inangoja kuhifadhiwa tu. Inaniuma kuona kipimo cha bure kikifutwa huku kihisi kipya kikiagizwa.

Muda nao una bei. Joto la beringi hupanda uharibifu ukiwa umeshakwenda mbali. Mtetemo huonyesha mapema zaidi, ila lazima usomwe kwa kasi inayozidi mara mbili ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya juu kabisa unayoyatafuta. Kama fundi anahitaji siku kadhaa kupata beringi mpya, kipimajoto hakimfai hata kikitolewa bure.

Sehemu za kuweka vihisi zikiwa nyingi, jicho halitoshi. Sehemu 20, kila moja ikiwa na kihisi au bila, hutoa michanganyiko 1,048,576. Sehemu 30 hupita bilioni moja. Ni ndugu wa tatizo la kufunika seti, yaani kuchagua makundi machache iwezekanavyo yanayogusa kila kitu kilichomo kwenye orodha, mojawapo ya matatizo 21 ambayo mwanasayansi wa kompyuta Richard Karp aliyaonyesha kuwa magumu mwaka 1972. Mimi huanza na kihisi kinachotenganisha jozi nyingi zaidi za hitilafu kwa kila shilingi, nikihesabu hali ya uzima kama mstari mmojawapo wa jedwali la hitilafu na dalili zake, kisha naongeza hadi jozi zote muhimu ziishe. Mwishoni najaribu kukiondoa kila kimoja, maana kilichotangulia huweza kugeuka cha ziada.

Na vihisi vyenyewe viingie kwenye jedwali, kwa kuwa navyo huharibika. Kwenye pampu yetu, kipima presha kikianza kusoma chini, presha itaonekana imeshuka huku mkondo ukiwa wa kawaida. Hakuna hitilafu ya pampu, bomba wala vali yenye sura hiyo, hivyo ikiwa hitilafu hutokea moja moja, kihisi kibovu kinajulikana bila kununua cha pili cha kukilinda.